Mithali 29:18, kabla hujasema "watu huangamia"

Wapendwa wa darasa la uinjilisti, Bwana asifiwe.

Jumamosi nilikaa benchi la nyuma nikasikiliza mahubiri yenu ya mazoezi. Mlipanda watano. Watatu mlikuja na Mithali 29:18, na wote watatu mkatangaza: "Pasipo maono watu huangamia!" Mmoja akafika hadi kwenye mpango wa biashara wa miaka mitano. Nawapenda, na sauti Mungu amewapa, lakini fungueni Biblia zenu za Union, ile tafsiri ya Kiswahili tunayoitumia, mnionyeshe hilo "huangamia" liko wapi. Kilichoandikwa ni hiki: "Pasipo maono, watu huacha kujizuia, bali ana heri mtu yule aishikaye sheria." Biblia mlikuwa nayo mkononi, na mkanukuu kisichokuwemo.

1. Mstari unaoujua kwa kichwa ndio wa kuusoma kwa macho. "Kuangamia" ndivyo ilivyo Biblia ya Kiingereza ya King James ya 1611, na wahubiri wetu wanaoisoma wamelibeba neno hilo mpaka mimbarani. Hosea 4:6 nayo imelipa nguvu, maana pale ni kweli watu "wanaangamizwa kwa kukosa maarifa". Masikio yameunganisha mistari miwili ikawa mmoja.

2. Tafsiri zikitofautiana, uliza zinagombania nini. Usichukue ile itakayokuletea vigelegele. Kitenzi cha Kiebrania hapa ni *para*, kuachia kitu kilichokuwa kimefungwa. Katika Walawi 10:6 kinatumika kwa nywele zilizofumuliwa. Katika Kutoka 32:25 ni Waisraeli mbele ya ndama ya dhahabu, Haruni amewaachia, nao wamefumuka. Ndiyo maana Union ya 1952, kama Revised Version ya Waingereza ya 1885, ikasema watu huacha kujizuia. Vulgata, tafsiri ya kale ya Kilatini, inasema unabii ukikoma watu watatawanyika. Septuajinta, tafsiri ya kale ya Kiyunani, imekwenda njia yake kabisa: taifa lisiloshika sheria halitakuwa na mfafanuzi. Zote zinahangaika na watu waliokosa neno la kuwashika.

Na "maono" yenyewe ni *hazon*, neno lile lile linalofungua Isaya na Obadia, na lile la 1 Samweli 3:1, neno la BWANA lilipokuwa adimu. Ni ufunuo anaopewa nabii. Ndoto ya mchungaji kuhusu jengo jipya haimo, hata ikiwa ndoto njema.

3. Soma nusu ya pili ya mstari. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa hili nililitenda mimi mwenyewe, na aliyeumia ni mtu mwingine.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili wa uinjilisti. Tulikuwa tunajenga kanisa, na kila Jumapili kulikuwa na harambee. Mama mmoja, mzee wa kanisa, mjane aliyeuza maharage sokoni, alisimama kwenye kikao akaomba kuona risiti za saruji. Aliuliza kwa upole. Kikao kijacho akauliza tena. Viongozi wakaniambia, "Mwinjilisti, Jumapili zamu ni yako, watu watiwe moyo." Nilielewa nilichotumwa, nikakikubali.

Nikasimama na Mithali 29:18. Nikasema Mungu humpa kiongozi maono, na asiyeyafuata maono ya kiongozi wake ataangamia. Nikasema wapo watu humu ndani wanaohesabu mifuko ya saruji wakati Bwana anahesabu roho. Sikumtaja jina. Sikuwa na haja, vichwa vyote viligeuka kwenye benchi la tatu upande wa akina mama. Watu walipiga makofi. Yeye alikaa ametazama mbele, kitabu cha nyimbo magotini, mpaka baraka ikatolewa. Jumapili iliyofuata hakuja, wala iliyofuata.

Risiti hazikuwepo. Hilo lilijulikana baadaye sana, fedha zikiwa zimekwisha na ukuta umefika kwenye madirisha.

Miaka mitatu ikapita ndipo nikaandaa somo la vijana, nikaweka Union na tafsiri nyingine mbili mezani, nikausoma mstari ule hadi mwisho. "Bali ana heri mtu yule aishikaye sheria." Sheria pale ni *torah*. Wapo wafafanuzi wanaoielewa kuwa torati ya Musa, na wapo wanaosema katika Mithali ni mafundisho ya wenye hekima, kama 1:8: "Wala usiiache sheria ya mama yako." Kwa fasiri yoyote kati ya hizo mbili, mstari ulikuwa upande wa yule mama. Aliyekuwa anajizuia, na kutaka wengine wajizuie, ni yeye. Waliofumuka ni sisi, na mimi ndiye niliyewashikia kipaza sauti.

Nilimkuta uani anamenya mihogo. Nikamsomea mstari wote, nikamwomba msamaha. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilikuwa nauliza saruji tu." Akanisogezea kigoda.

Kanisani hakurudi. Alikuwa amekwisha kuzoea usharika mwingine.

4. Haya mengine ni mafupi. Tafuteni itifaki ya Biblia, kitabu kinachoonyesha kila neno liko mstari gani, hata kuukuu. Programu ya simu ina safu mbili, wekeni Union na tafsiri ya Habari Njema sambamba. Usiseme "Kiebrania kinasema" kama umesikia kwenye redio. Na ukikuta mstari unamgonga mtu uliyekuwa umekasirika naye tangu Jumatano, badilisha somo.

Jumamosi ijayo ni Yeremia 29:11. Najua mnaipenda, imebandikwa kwenye nusu ya bajaji za mji huu. Anzeni kusoma mstari wa 1, mjue barua iliandikiwa nani, na msiruke wa 10 wenye ile miaka sabini.