Mbwa mwenye mimba akizidisha maji, mpime sukari

Watu watakwambia mimba ndiyo inayomtia kiu. Kidogo ni kweli, lakini mbwa wa kilo 30 anayekunywa zaidi ya lita 3 kwa siku ana tatizo. Jike wangu alikuwa anakula vizuri huku mbavu zikianza kuhesabika, tumbo linakua. Alipokojoa kwenye saruji, sisimizi walijaa palepale. Daktari wa mifugo alimtoboa ukingo wa sikio, tone moja tu, mashine ikasoma 18 (mmol/L). Kwa mbwa, kawaida ni kati ya 4 na 6 hivi.

Kisukari hiki huletwa na projesteroni, homoni inayoshikilia mimba. Inayafanya matiti ya mbwa yatoe homoni ya ukuaji, na hiyo ndiyo inayoizuia insulini kufanya kazi. Projesteroni hupanda baada ya kila joto (kipindi cha jike kutaka dume) hata kama hakupandwa, kwa hiyo asiye na mimba naye anaweza kuugua. Mwombe daktari aangalie pia usaha kwenye kizazi, maana nao huja kipindi hichohicho na kiu ileile.

Usimnyime maji. Akianza kutapika, kugoma kula na kulegea, usisubiri asubuhi. Na upasuaji wa kumzalisha upangeni mapema, kwa sababu watoto wanaweza kuwa wakubwa kiasi cha kukwama.

Insulini ndiyo dawa, na hapa kuwa makini na bomba la sindano. Insulini nyingi za binadamu ni U-100 (yuniti 100 katika kila mililita), za mifugo mara nyingi ni U-40 (yuniti 40). Ukivuta ya U-100 kwa bomba la U-40, umempa mara mbili na nusu ya dozi. Akishazaa, projesteroni hushuka na sukari inaweza kushuka nayo haraka, hivyo dozi ya jana inaweza kumuua leo. Pima, mpigie daktari, ndipo uchome.

Wa kwangu sukari ilirudi sawa, na wanunuzi wakaanza kuulizia uzao mwingine. Nilikataa, nikamtoa kizazi na ovari kabla ya joto lililofuata, kwa sababu joto jipya huirudisha sukari, na safari hiyo inaweza isiondoke. Zile sindano za kuzuia joto nazo sizitaki kwa mbwa wa namna hii: ndani yake mna homoni ya jamii ileile ya projesteroni.