Muulize Shangazi: Nimepaka vitu nane vya Kikorea, uso umefura

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 26 naishi Tabata, ngozi yangu ni ya mafuta hasa puani na kwenye paji la uso, alafu nina madoa meusi ya chunusi za zamani. Nimeangalia tamthilia za Kikorea mpaka nikaanza kuuonea wivu uso wa staringi, basi nikavunja kibubu nikanunua seti nzima: mafuta ya kusafishia, sabuni ya povu, tona, esensi ya konokono, seramu ya vitamini C, seramu ya niasinamaidi (aina ya vitamini B3), krimu ya macho na krimu ya uso. Nikaanza vyote siku moja. Sasa wiki ya pili, vipele vimejaa mashavuni na uso unawasha nikitoka jasho, nimeacha vyote nimerudi kwenye sabuni ya mche. Nimekosea wapi, na je zile hatua kumi za Kikorea za kutunza uso ni lazima?
Binti wa Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana, na pole ya hela pia maana najua seti ile si bei ya nyanya. Umekaribisha wageni wanane siku moja na mmoja kakuibia simu, sasa utamkamata nani? Mimi ningewashuku wawili kwanza. Vitamini C, kwa sababu zile kali zina asidi na ngozi iliyokwisha kuchokozwa inaungua, na yale mafuta ya kusafishia kama hukuyatoa vizuri.

Hebu niambie ulikuwa unayapakaje? Wengi wanalowesha uso kwanza kama wanaoga, hapo umeshaharibu. Mikono mikavu, uso mkavu, pampu mbili, sugua taratibu kama dakika moja, puani usipasahau, kisha lowesha vidole kidogo uendelee kusugua na utaona mafuta yanageuka meupe kama maziwa. Ukiona maziwa ndo usuuze. Usipofika kwenye maziwa mafuta yanabaki usoni, na wewe ngozi yako ina mafuta yake tayari. Alafu ndo unamalizia na sabuni ya povu. Hiyo safari mbili ni ya jioni tu, na ni kwa siku uliyopaka sanskrini, ile krimu ya kukinga jua, au mekapu, kama ulishinda ndani na uso wako mtupu sabuni ya povu peke yake inatosha.

Hatua kumi si lazima mwaya. Hiyo namba imepigiwa debe huku nje kuliko Korea kwenyewe, na huko kwao pia kumekuja mtindo wa kuruka hatua. Alafu fikiria hali ya hewa, Seoul mwezi wa kwanza ni baridi chini ya sifuri, hewa kavu, ndani sakafu zinapashwa moto, lazima mtu apake maji juu ya maji juu ya krimu la sivyo uso unapasuka. Wewe uko Dar, saa tatu asubuhi blauzi imeshaganda mgongoni, hizo tabaka zote unazipeleka wapi?

Kwahiyo fanya hivi. Sabuni ya mche iache leo leo, hiyo ni ya mashuka. Wiki mbili za kwanza tumia sabuni yako ya povu na krimu moja nyepesi basi, ile ya jeli inayozama haraka, asubuhi ongeza sanskrini. Uso ukitulia ndo urudishe niasinamaidi peke yake jioni, ikae wiki mbili, ikipita salama muite mgeni mwingine. Kila kipya kijaribu kwanza nyuma ya sikio siku tatu. Esensi ya konokono haina ubaya, ni unyevunyevu tu, kuna chupa ya COSRX inayojulikana sana imeandikwa 96 yaani asilimia 96 ni ule ute, ila haiondoi madoa, usiitegemee kwa hilo. Na ukitafuta kitu cha kutuliza mwasho tafuta chenye centella, Wakorea wanaita cica, na hilo jani kampuni nyingi zinalitoa Madagaska, jirani zetu kabisa hapo, linaenda Korea linarudi kwetu kwenye kichupa.

Madoa sasa, maana najua ndo kilichokupeleka dukani. Niasinamaidi ndo rafiki yako. Serikali ya Korea inaihesabu kwenye vipodozi vya kazi maalumu ikiwa asilimia 2 mpaka 5, wanaita kazi hiyo mibaek, na kwenye kopo la Kiingereza utakuta wameandika kwamba inafanya ngozi iwe nyeupe. Usishtuke, na usifurahi pia! Sio mkorogo, inapunguza madoa polepole kwa miezi, rangi yako ya kuzaliwa inabaki palepale. Zile krimu za kuchubua zenye haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku Tanzania, kwahiyo muuzaji akikuletea kikopo hakina lebo anakwambia hii ya Kikorea unang'aa siku saba, we mrudishie tu na salamu.

Na bila sanskrini unachota maji kwa pakacha, kila doa unalolififisha usiku jua linalirudisha mchana. Chukua SPF 50, hiyo ni namba ya kinga dhidi ya miale ya jua inayounguza, na PA yenye alama za jumlisha nne, hizo alama ndo zinahesabu kinga dhidi ya miale ya UVA, ile inayozama ndani ya ngozi. Ipime vidole viwili, mstari toka shina hadi ncha, uso na shingo, ukiwa juani rudia kila baada ya masaa mawili. Ila soma kopo: iliyoandikwa tone-up ina unga mweupe ndani yake, ngozi yetu hii utatoka kama umetoka kusaga mahindi mashineni. Hata za zinki tupu mara nyingi zinatuacha na kijivu. Ukipata yenye rangi inayofanana na yako, ile iliyotiwa oksidi za chuma, ndo bora zaidi kwa mtu mwenye madoa, maana inakinga hata mwanga wa kawaida ambao nao unayakoleza.

SWALI: Shangazi, bibi yangu hapa Mombasa anicheka, asema hayo ya Kikorea ni liwa (ule msandali wa kusaga) na singo (ile ya kusugulia mwili) tu yametiwa kwenye chupa. Ni kweli?

JIBU: Nusu kweli, mpe salamu zangu. Wakorea nao bibi zao walinawa uso kwa maji yaliyooshea mchele, na mpaka leo mchele umejaa kwenye sanskrini na tona zao. Liwa na maji ya waridi kama ngozi yako inaipenda paka, sina ugomvi. Singo ndo nitakuzuia usoni, hiyo inasugua, na uso mweusi ukisuguliwa juu ya chunusi unaacha doa jipya. Ibaki ya mwili, bibi harusi ang'ae mikono na miguu.

SWALI: Nimeletewa krimu toka Korea, kopo lina tarehe ya mwaka jana. Imeshaharibika?

JIBU: Usitupe! Mimi nilitupa seramu nzima haijafunguliwa kwa sababu hiyohiyo, na ilikuwa zawadi, mpaka leo aliyenipa hajui. Wakorea wanaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na kinachobeba maana ni yale maandishi yaliyo pembeni ya tarehe. Ukiona 제조 ni siku iliyotengenezwa. Ukiona 까지 maana yake "hadi", hiyo ndo mwisho wa matumizi. Kama hujui kusoma linganisha tu umbo, la pili linaanza na vindoano viwili vinavyofanana vimesimama sambamba, kama namba 7 mbili. Alafu tafuta kapicha ka kopo lililofunguliwa kifuniko, ndani yake kuna 6M au 12M, ni miezi toka siku uliyofungua. Mimi siku hizi nikifungua tu nachukua kalamu ya wino mzito naandika tarehe chini ya kopo, maana nikisema nitakumbuka sikumbuki.