Unga umetoka mwilini, mbona kichwa bado kinauita?

SWALI: Mwanangu ana miaka 26, ametoka soba, nyumba ya kuachia unga wa heroini, baada ya mwezi mmoja. Arosto, yale mateso ya kuukosa unga, imekwisha, anakula, analala. Lakini hacheki, mpira haangalii, anashinda amejiinamia. Juzi alipita karibu na kijiwe chake cha zamani, akarudi anatoka jasho na kupiga miayo kama siku ya kwanza. Baba yake anasema anajiendekeza. Ni kweli?
*Mama Mzazi, Tanga*

JIBU: Hapana, mama, hajiendekezi. Mwezi mmoja umetibu nusu tu ya tatizo, tena ile nusu inayoonekana.

Chini katikati ya ubongo kuna seli za neva zinazotoa dopamini na kuipeleka mbele, kwenye kijisehemu kiitwacho nyukliasi akambensi. Kazi kubwa ya dopamini ni kuufundisha ubongo kwamba jambo fulani ni muhimu, likumbukwe na lifuatwe tena. Seli hizo hushikiwa breki na seli jirani zinazotoa kemikali ya gaba. Heroini ikifika ubongoni hugeuka kuwa mofini, nayo huzinyamazisha seli za breki kupitia vipokezi vya myu, yaani sehemu za seli ambazo mofini hujishikiza. Breki ikiachia, dopamini hufurika. Chakula kitamu nacho huipandisha, lakini ukishakizoea ubongo hukitarajia na mpando hupungua. Unga hausubiri matarajio. Huipandisha kwa nguvu kila unapoingia.

Ubongo hujihami. Vipokezi vya myu huanza kuitikia kwa uvivu, ndiyo maana kete moja huwa tatu. Vipokezi vya dopamini aina ya D2 hupungua, na dinofini, kemikali inayoleta unyonge, huongezeka. Unga ukiondolewa, mfumo hubaki chini ya kawaida: bao la timu yake halimsisimui kwa sababu hakuna cha kumsisimua nacho.

Arosto ya mwili hutoka kwingine, kwenye seli za noradrenalini, kemikali ya kuamsha mwili, katika shina la ubongo, ambazo mofini ilizikandamiza na sasa zimeachiwa ghafla. Huanza saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho, hukolea siku ya pili au ya tatu, na kwa kawaida hupoa ndani ya wiki. Upande wa dopamini huchukua miezi, kwa wengine zaidi ya mwaka.

Na kijiwe? Dopamini hujifunza ishara. Karatasi ya foili, sura ya muuzaji, hata uchochoro, vyote huiamsha kabla ya unga wenyewe, huku mwili ukijiandaa kuupinga unga anaodhani unakuja. Jasho na miayo ile ni arosto ya kweli iliyoamshwa na kumbukumbu. Basi abadili njia, abadili namba ya simu, asishike fedha nyingi mkononi kwa miezi ya mwanzo. Apewe kazi ndogo zenye saa maalumu na mazoezi ya kila siku, hata kama hazifurahii bado.

Hatari kubwa ni hii: hamu imebaki, lakini mwili umepoteza uwezo wake wa kuhimili unga mwingi. Akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi inaweza kusimama. Mkimkuta anakoroma kwa kukwama, midomo imegeuka rangi na mboni zimekuwa kama ncha ya sindano, mlazeni ubavu, mpulizieni pumzi ikisimama, mkimbizeni hospitali. Maziwa na maji ya chumvi hayasaidii kitu. Akichomwa naloksoni, dawa ya kuondoa nguvu ya heroini, asiachwe aondoke akizinduka, kwani huisha nguvu baada ya dakika 30 hadi 90.

Ulizieni pia methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, ambayo Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011. Wanaoiita "unga wa serikali" wanakosea. Unga ukivutwa hufika ubongoni kwa sekunde na kuisha baada ya saa chache. Methadoni ya kunywa hupanda polepole kwa saa 2 hadi 4 na kudumu zaidi ya siku, hivyo dopamini haipandi na kuporomoka mara kadhaa kwa siku. Siku ya kwanza kwa kawaida haizidi miligramu 30, na kwa aliyekaa mwezi bila unga huanzia chini zaidi, maana hujilimbikiza kwa siku kadhaa. Kuharakisha dozi wiki za mwanzo kunaua.

SWALI: Shikamoo daktari. Nakunywa methadoni miligramu 80. Tangu nianze dawa za TB, arosto inanishika usiku. Naambiwa ni tamaa tu.
*Kijana, Dar es Salaam*

JIBU: Marahaba. Ni rifampisini, mojawapo ya dawa za TB. Inalichochea ini livunje methadoni haraka, kwa hiyo dozi yako haifiki asubuhi. Usiache dawa za TB, wala usijazie pengo kwa kete au valiamu. Waonyeshe wahudumu orodha ya dawa zako zote. Dozi hupandishwa kwa miligramu 5 hadi 10, kwa hatua. Ukimaliza TB wakumbushe, kwani ini hutulia ndani ya wiki mbili hivi, na dozi isiposhushwa itakuzidi: usingizi mzito, pumzi fupi. Efavirenzi na nevirapini, dawa za VVU, hufanya vivyo hivyo. Dolutegraviri, nayo ya VVU, haina shida hiyo.