Kabla Hujaitupa Sofa ya Zamani, Ipindue

Wiki jana dada mmoja wa Kayole, Nairobi, aliniandikia. Mama mkwe wake amewaachia sofa seti ya zamani, naye mumewe anataka kumwita mtu wa mkokoteni aje aiondoe, wanunue yenye umbo la L kabla chama chao cha akiba, kinachokutana nyumbani kwa wanachama kwa zamu, hakijafika kwao Desemba. Anauliza: tuitengeneze hii au tununue mpya? Maswali kama haya huwa nayajibu kwa kifupi kwenye simu. Hili nalijibu hapa, maana yalinikuta mimi mwenyewe na mpaka leo yananiuma.

Baba alipofariki, mimi ndiye niliyeachiwa viti vyake. Ni vya mvule, vina mikono mipana, na alivitengenezewa na fundi wa kijijini kwetu miaka ya 1970. Kitambaa kilikuwa kimechakaa na springi zilikuwa zinachoma. Siku moja wifi yangu aliingia sebuleni akasema mbele ya wageni, "Kumbe bado mnakalia viti vya marehemu?" Sikumjibu. Viti vikaenda stoo, na mimi na mume wangu tukanunua sofa mpya kwa awamu katika duka moja la mjini, lenye vioo na taa kali. Ilikuwa ya velveti ya kijivu, inapendeza kweli. Kabla hatujamaliza kulipa, mkono mmoja ulianza kucheza na kiti cha katikati kikabonyea. Duka likasema waranti haihusu matumizi mabaya. Tulikuwa tumeikalia tu, kama watu wanavyokalia sofa.

Nikamwita fundi kutoka Kariobangi Light Industries. Aliipindua pale uani, akakichana kwa wembe kile kitambaa cheusi cha chini. Mkono wa sofa ulikuwa katoni iliyokunjwa, ikapigwa pini za stepla kwenye vipande vya msonobari. Mbao zilifungwa zikiwa mbichi. Zilipokauka zikajikunyata, misumari ikalegea na mmoja ukaanguka sakafuni tukitazama. Nikamtolea kiti kimoja cha baba kutoka stoo, nacho akakipindua. Maungio hayakuwa na msumari hata mmoja. Ulimi wa mbao umeingia kwenye tundu lake, ukafungwa kwa kijiti cha mbao. Ndani mlikuwa na makumbi ya nazi, na chini yake springi zilizofungwa kwa kamba ya katani, moja baada ya nyingine. Fundi akapitisha kidole kwenye maungio, akaniambia, "Mama, hiki usimpe mtu."

Dada, muuzaji hukuonyesha kitambaa. Wewe omba kuona mbao. Kitambaa kinabadilishwa, sponji inabadilishwa, springi na mikanda pia, lakini fremu mbovu haitengenezeki kwa pesa yoyote ya maana. Shika mguu mmoja wa mbele uuinue kidogo. Fremu ikiwa imara, mguu wa pili wa mbele unanyanyuka nao karibu papo hapo. Ukibaki sakafuni huku sofa inajipinda, maungio yameachia. Tazama kama kuna matundu madogo yanayomwaga unga, hayo ni ya dumuzi. Kisha ukaguse mbao yenyewe pale chini. Ikiwa ni mvule au mahogani, usimruhusu mtu wa mkokoteni avuke kizingiti. Mbao hizo zilikuwa ghali hata kabla ya Februari 2018, serikali ya Kenya iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Kuondolewa kwa zuio hilo kulitangazwa Julai 2023, lakini msitu haukui kwa tangazo, na mti mgumu kama mvule huchukua miongo mingi kukomaa.

Viti vya baba nilivitengeneza vyote. Kitambaa nilinunua mwenyewe Biashara Street, sponji nikaikatisha kwa vipimo, na fundi akafanyia kazi uani kwangu nikiona. Nakusihi ufanye hivyo hivyo. Sofa ikienda kwa fundi itapangwa nyuma ya zingine alizokwisha kulipwa, na wewe utaambiwa njoo kesho mpaka uchoke. Tena huko hujui kama sponji uliyolipia ndiyo iliyoingia. Ya kukalia iwe ya kilo 30 kwa mita ya ujazo au zaidi. Ya mgongoni inaweza kuwa nyepesi. Kitambaa cha sofa kwa kawaida kina upana wa inchi 54, na sofa ya watu watatu hula kama mita 11 hadi 14, zaidi kidogo kama kina maua yanayotakiwa kulingana. Fundi akikutajia mita 20 kwa sofa hiyo moja, mwambie apime tena mbele yako. Mabaki ya kitambaa yaweke, utayahitaji siku mtoto atakapochana kiti.

Leo wageni wakiingia kwangu wanauliza nimenunua wapi, na wifi yangu ni mmoja wao. Nilimjibu ni vya marehemu.

Na hili la chama tuambiane ukweli, kwa sababu sote tunataka sebule ya kupokea watu bila kuona haya. Nimeona wanawake wenzangu wakikopa kwenye simu wiki moja kabla ya chama, sofa inaingia leo, wageni wanaikalia kwa muda wa saa tatu na kuondoka, na mwenye nyumba anabaki na deni lenye riba na kiti kitakachobonyea kabla ya Pasaka. Jamani, tusifanyiane hivi. Anayekuja kwako kwa upendo atakaa hata kwenye mkeka. Anayekuja kukagua viti hataridhika hata ukimwekea vya ikulu. Pindua kwanza, hesabu kitambaa na sponji na ufundi, linganisha na bei ya sofa mpya yenye mbao sawa na hiyo, si ile ya katoni.

Kuna wakati kununua ndiyo akili. Fremu imeliwa na dumuzi, au imevunjika mahali pa maungio, au kunguni wamejaa mpaka ndani ya mbao, au seti ni ya watu saba na wewe unaishi chumba kimoja. Hapo iache iende. Ila ukienda kwa mafundi wa Ngong Road au Gikomba, usichukue iliyokwisha kuvalishwa. Agiza yako, lipa sehemu tu, na mkubaliane kwamba utaiona fremu ikiwa uchi kabla kitambaa hakijapigwa. Nenda siku hiyo, inua mguu wa mbele, tazama maungio. Ukifika ukakuta tayari wameivalisha, mwambie fundi afungue chini.