Mwani kuota nywele na mikono kuwasha kila kaskazi: jibu langu

Mdogo wangu wa Bwejuu, umeuliza kwa nini mwani wako huota nywele nyeusi kila ifikapo Januari, mikono ikakutoka malengelenge, na wenzako wanasema kuna mtu kamwaga dawa baharini. Nimelima mwani Jambiani, hapahapa pwani ya mashariki ya Unguja, tangu 1996 na malengelenge hayo nayajua kwa ngozi yangu. Hakuna aliyemwaga dawa. Tazama upepo.

Zile nywele si mwani kama tunaoulima. Ni viumbe wadogo mno waitwao sainobakteria, na wanaotusumbua sisi ni jamii ya Lyngbya. Huanzia chini mchangani au kwenye kamba, nyuzinyuzi kama pamba iliyolowa. Jua likiwapiga hutoa mapovu, mapovu yakainua vipande vikaelea hadi kunasa kwenye mwani. Ndani mna sumu inayochoma ngozi. Ikiingia machoni ni balaa.

Kusi, upepo wa kusini-mashariki, tangu Mei hadi Septemba, hutupiga uso kwa uso huku mashariki. Mawimbi yanavuka mwamba, maji ya ndani yanabadilika kutwa, tena ya baridi. Nyuzi hazipati kutulia. Kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, ikishika Disemba, bahari inalala. Halafu kuna jambo ambalo wengi hatulitaji: kwetu maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kupita siku nyingine, hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Yaani shamba linabaki na maji ya magotini wakati uleule jua linapanda utosini, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Mwanafunzi mmoja aliniachia kipimajoto. Februari 2016 kilisoma nyuzijoto 36 katikati ya vigingi vya shamba langu. Mwani wenyewe ulikuwa umeanza kupauka na kukatika, na mwani dhaifu ndio nyuzi hushika kwanza. Hata kotonii, ule mnene wenye bei nzuri, joto ndilo lililotunyang'anya. Leo karibu sote tumebaki na spinosamu, ile aina nyembamba ya bei ndogo.

Mwaka ule ulikuwa wa El Niño, kwa hiyo usihesabu kaskazi zote kuwa sawa. Kuna miaka Bahari ya Hindi upande wetu hupata joto kuliko upande wa Indonesia, na vuli hushuka kwa fujo, kama 2019, au 2023 ambapo El Niño nayo ilikuwepo. Huku kwetu mito hakuna, lakini mvua hupenya kwenye jiwe la matumbawe na kutokea pwani mchangani, imebeba maji ya vyoo vyetu na ya mahoteli. Lyngbya wengi hujitengenezea naitrojeni kutoka hewani; wanachokosa ni fosforasi na chuma, na hivyo hutoka nchi kavu. Vuli ikiwa kubwa, kaskazi inakuta chakula kimeshaandaliwa. Ndiyo maana mimi huanza kuhofia Januari nikiwa bado Novemba.

Ninachofanya: mbegu ninazozifunga mwishoni mwa Oktoba nazivuna baada ya wiki sita, kabla maji hayajachemka, hata kama mwani haujanenepa nipendavyo. Nyuzi nikizikuta sizikung'uti majini, kwa sababu kila kipande huota upya. Nazitia kwenye gunia hadi nchi kavu. Glovu ndefu, viatu, miwani. Ukitoka, oga kwa maji baridi ya kisima na sabuni papo hapo, usijikune, na jicho likiuma nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Na kwa kuwa tumetaja sumu ya baharini, nyama ya kasa, tafadhali msile. Machi 2024 kisiwani Panza, Pemba, watoto 8 na mama mmoja walifariki kwa kuila, na sumu hiyo inadhaniwa kasa huipata kwenye mwani mbaya anaoula.

Umeuliza pia kama uhamishe shamba. Kilimo cha kina kirefu kwa kamba za kuelea kinafaa, maji ya huko hayapati moto kama ya ufukweni, ila wengi wetu hatujui kuogelea na sitakudanganya kuwa hilo ni dogo. Anza kwa kuhamisha kamba kumi tu hadi pale ambapo bamvua likipwa maji bado yanakufika kiunoni. Zifunge kabla ya Disemba, uzilinganishe na zilizobaki karibu na ufukwe, na ukivuna niandikie hapa nijue zipi zimeota nywele.