Anza na amok ya samaki
Dada, umeuliza uanzie wapi na mapishi ya Kambodia nyumbani. Mimi nasema amok ya samaki, yaani samaki wa tui la nazi na viungo anayepikwa kwa mvuke. Kazi yote iko kwenye kroeung, viungo vibichi vya kutwanga: mchaichai, galanga (mzizi wa jamii ya tangawizi), manjano mbichi, vitunguu saumu, vitunguu vidogo vyekundu na ganda la ndimu. Mchaichai tumia ile sehemu nyeupe ya chini tu, na uikate nyembamba kabisa kabla ya kuitia kinuni, la sivyo utatwanga mpaka jioni na nyuzi bado zitakukwama menoni. Blenda nayo inafaa, mradi usimwage maji mengi.

Kaanga kroeung kwenye tui zito mpaka mafuta yajitenge. Ikipoa, tia yai, sosi ya samaki na sukari guru kidogo, changanya na minofu ya samaki, mimina kwenye vikombe vya majani ya mgomba, upike kwa mvuke kama dakika 25. Iwe laini na imeshikana, isiwe mchuzi. Kula na wali mweupe. Prahok, wale samaki waliochachushwa, waache kwanza. Harufu yao si ya mchezo.