Hakimu aharisha kesi hadi Jumatatu

Ukiniuliza neno lililonipa kazi zaidi nilipokuwa msanifu wa habari gazetini, nitakwambia ni kuahirisha. Limo kwenye kila kesi, kila kikao cha Bunge, kila mechi iliyoharibiwa na mvua. Wengi hulitamka kuhairisha, na kutoka hapo mpaka kuharisha ni vidole kuteleza tu. Kichwa cha habari kama hicho hapo juu kiliwahi kufika mezani kwangu gazeti likikaribia kwenda mtamboni, na aliyekiandika ni mwandishi mzuri kabisa.

Mnaoanza kazi hii, msihangaike sana na maneno yaliyokosewa herufi. Hayo kila mtu anayaona. Linaloponyoka ni neno halali lililokaa pasipo pake, maana kompyuta hailipigii mstari mwekundu na jicho lililochoka linapita tu. Waziri ameapizwa Ikulu: kaapishwa au kalaaniwa? Mkuu wa wilaya azingua mradi wa maji (hii wakati mwingine ni kweli tupu). Mkutano wa hasara. Mshtakiwa yuko nje kwa thamani.

Jozi za namna hii ziandike, uzibandike karibu na kompyuta yako. Kila dawati lina zake: michezo wana washangilia na washambulia, biashara wana milioni na bilioni.

Utaambiwa usome kwa sauti. Inasaidia, ila si kwa wote. Katika lugha nyingi za Kibantu r na l hazitenganishi maana, na dh ya maneno yenye asili ya Kiarabu wengi wetu tunaitamka z. Kama ulimi wako hauzitofautishi, sikio nalo halitakushtua. "Polisi walifika mahari pa tukio" itapita kimya kimya, na mahari ni ng'ombe wa watu. Mpe asome mwenzako mwenye lugha nyingine ya nyumbani, aanze na kichwa cha habari, kwa sababu hicho huandikwa mwisho, haraka haraka, kwa herufi kubwa kuliko zote.

Wakati wa uchaguzi ongeza macho. Ukiandika "Mgombea aomba kula", wasomaji watakataa katakata kwamba umekosea.

Na wa redio, likikuponyoka hewani, rudia sentensi kwa neno sahihi, endelea. Ukianza kucheka au kuomba radhi mara tatu, kipande hicho kitakuwa WhatsApp kabla hujafika hali ya hewa.